Sampuli za mawe na udongo wa Mwezini: zilichaguliwaje, na kwa nini bado zinafungiwa?

Mwalimu wa Jiografia (Dodoma mjini)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Dodoma mjini, na tunapofika kwenye mada ya miamba huwa ninawatoa wanafunzi nje wakapasue jiwe kwa nyundo, kwa sababu mji wetu umezungukwa na vilima vya matale na hakuna haja ya kusoma miamba kwa kutazama picha za kitabu peke yake. Safari hii mazungumzo yalihamia Mwezini. Niliwaeleza kwamba kati ya mwaka 1969 na 1972 wanaanga wa Marekani walitua huko mara sita katika mradi wa Apollo, wakarudi na jumla ya kilo 382 za mawe, kokoto, mchanga na vumbi, na kwamba sehemu kubwa ya mzigo huo inatunzwa hadi leo katika kituo cha anga cha Johnson mjini Houston, ndani ya makabati yaliyojazwa gesi ya nitrojeni.

Hapo maswali yakanielemea. Mwanafunzi mmoja aliuliza ni kwa kigezo gani mtu aliyevaa mavazi mazito, mwenye saa chache tu za kukaa nje ya chombo, alijua jiwe hili libebwe na lile liachwe, ilhali yote yanaonekana ya kijivu. Mwingine alitaka kujua kwa nini mali iliyotafutwa kwa gharama kubwa namna ile ifungiwe kwenye makabati zaidi ya nusu karne badala ya kuchunguzwa yote na kazi ikaisha. Wa tatu alikuja na jiwe jeusi, zito kuliko linavyoonekana, ambalo baba yake aliuziwa mnadani kwa maelezo kwamba lilidondoka kutoka Mwezini, na sasa darasa zima linasubiri hukumu yangu. Naomba wenye ujuzi wa miamba na wa maabara wanisaidie, na ningependa majibu ambayo ninaweza kuyasimamia mbele ya watoto wasiokubali jibu la juu juu.

Fundi wa Jiolojia (Manyoni)

Mwalimu, shikamoo, maana maandishi yako yanaonyesha kwamba umenizidi umri. Kazi yangu ni kuchukua sampuli za udongo na miamba kwa ajili ya watafutaji wa madini katika ukanda huu wa kati, kwa hiyo nitalishika swali la kwanza, na hilo jiwe la mnadani nitawaachia watu wa maabara.

Watu wengi hudhani kwamba thamani ya jiwe la Mwezini imo ndani ya jiwe lenyewe. Kwa sisi wa kazi hii, jiwe lisilojulikana lilitoka wapi hasa, lilikuwa limelala kwa upande gani na lilikuwa jirani na nini, limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya habari zake kabla halijafika maabara. Ndiyo maana mwanaanga wa Apollo, kabla ya kuligusa jiwe alilolichagua, aliweka karibu nalo kifaa cha miguu mitatu chenye fimbo inayoning'inia huru: fimbo ilionyesha wima wa mahali hapo, kivuli chake kilionyesha jua lilikokuwa, na mabaka ya rangi yaliyopakwa kwenye kifaa yaliwezesha rangi ya kweli ya udongo isomwe baadaye katika picha. Alipiga picha kutoka pande zaidi ya moja, akaliokota jiwe kwa koleo lenye mpini mrefu kwa kuwa mavazi yake hayakumruhusu kuinama vizuri, akalitia katika mfuko wa Teflon wenye namba, akaisoma namba hiyo kwa redio ili walioko Houston waiandike, kisha akapiga picha ya mahali palipobaki patupu. Kwa picha hizo, wataalamu waliweza kuligeuzageuza jiwe maabara chini ya taa iliyoelekezwa kama jua la Mwezini, hadi vivuli vya mikwaruzo yake vilipolingana na vile vya kwenye picha, na hapo wakajua uso upi ulikuwa umetazama angani na upi ulikuwa umefukiwa. Jambo hili si urembo. Uso uliotazama angani umetobolewa vishimo vidogo mno na chembe za vimondo, na umepigwa na miale kutoka jua na anga za mbali, kiasi kwamba inawezekana kukadiria jiwe limekaa wazi kwa miaka mingapi.

Kuhusu kuchagua, wanaanga hawakuachiwa wategemee bahati. Walipelekwa na wanajiolojia Arizona, Hawaii na Iceland, wakafundishwa kutembea juu ya miamba ya volkano huku wakieleza kwa sauti kila wanachokiona, kwa sababu maelezo yale ya redio yangekuwa daftari lao. Hata hivyo jicho la binadamu lina upendeleo wake. Mpe kijana mpya mfuko na mwambie aokote mawe yanayowakilisha mlima, naye atakuletea kwatzi nyeupe tupu kwa sababu inang'aa, na ule mwamba wa kawaida uliojaa kila mahali ataupita kama hauoni. Dawa ya tabia hiyo, kuanzia Apollo 15, ilikuwa reki: iliburutwa ardhini, vumbi likapita katikati ya meno yake, na vijiwe vyote vyenye ukubwa wa kuanzia takribani sentimeta 1 vikakusanywa bila mtu kuchagua hata kimoja. Kwa maoni yangu reki ile ni miongoni mwa vifaa vya maana kuliko vyote vilivyopelekwa huko, ingawa hakuna anayeipigia picha.

Kisha kuna udongo, ambao wengi huudharau. Neil Armstrong alipoona sanduku la Apollo 11 bado lina nafasi, alichota udongo kwa beleshi dogo mara kadhaa akaujaza humo kuyazunguka mawe, bila utaratibu mwingine wowote. Udongo uliorudi na safari ile ulikuwa na vijipande vichache vyeupe ambavyo havikufanana na basalti, yaani mwamba mweusi wa volkano, ya tambarare walikotua. Vilikuwa vya anothositi, mwamba uliojaa madini meupe yaitwayo feldispa, na maelezo yaliyokubalika ni kwamba vilirushwa na migongano ya vimondo kutoka kwenye nyanda za juu za Mwezi, zile sehemu zinazoonekana nyeupe tukitazama kutoka hapa. Kutokana na vijipande hivyo likazaliwa wazo kwamba Mwezi mchanga ulifunikwa na bahari ya mwamba ulioyeyuka, na kwamba feldispa, ikiwa nyepesi, ilielea juu na kuganda kuwa gamba lake la kwanza. Mwaka 1971 Apollo 15 ilileta jiwe zima la anothositi, lenye umri unaozidi miaka bilioni 4. Mwalimu akipenda kuwaonyesha wanafunzi mwamba wa jina hilohilo, hana haja ya kwenda mbali, kwa sababu anothositi ipo katika milima ya Uluguru kule Morogoro, ingawa ya kwetu imepikwa na kukandamizwa mno ndani ya ardhi.

Wakati mwingine, kusema kweli, uchaguzi mzuri ulipatikana kwa ujanja. Katika safari hiyohiyo ya Apollo 15, David Scott aliona jiwe la basalti lenye matundu mengi ya gesi likiwa peke yake njiani, huku akijua kwamba Houston wanamhimiza arudi chomboni. Akasimamisha gari lao la Mwezini kwa kisingizio cha kurekebisha mkanda wa kiti, mwenzake James Irwin akaendelea kuielezea mandhari kwa redio kana kwamba hakuna kinachotokea, naye akashuka, akapiga picha, akaliokota. Hadi leo jiwe lile huitwa basalti ya mkanda wa kiti. Angalia kwamba hata alipokuwa anaiba muda, picha alipiga.

Mkemia (Dodoma)

Mwalimu, mimi nina mengi ya kusema juu ya swali la pili, kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kupigana na uchafu unaoingia kwenye sampuli.

Mwezini hakuna hewa wala maji ya kutiririka. Udongo wake haukuwahi kuoza, kulowa wala kupeperushwa, kwa hiyo chembe zake zina ncha kali kama zilivyovunjika, na ndani yake mna punje ndogo sana za chuma halisi ambacho hakijashika kutu. Ukiuweka mezani Dodoma, hata katika ukame wetu wa mwezi wa tisa, unyevu kidogo na oksijeni vitaanza kuubadilisha. Ndiyo sababu ya nitrojeni kavu, na ndiyo sababu vitu vinavyoruhusiwa kuigusa sampuli ndani ya makabati hayo ni vya aina tatu tu: chuma kisichoshika kutu, aluminiamu na Teflon. Si kwamba vitu hivyo ni safi kuliko vingine. Muundo wake unajulikana, na chembe yake ikiingia kwenye sampuli itatambulikana haraka.

Hata masanduku ya kubebea yalikuwa ya aluminiamu, na mdomo wake ulikuwa na utepe wa indiamu, metali laini ambayo ukingo mkali wa kifuniko uliizamia ili kuziba hewa. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri. Mwezini vumbi lilikaa kwenye maungio, na baadhi ya masanduku yakafika yakiwa yamevujisha. Vumbi lile lilikuwa balaa kwa kila kitu: liling'ang'ania mavazi, likakwaruza vioo vya helmeti, likaingia ndani ya chombo, na wanaanga walisema lilinuka kama baruti iliyokwisha kulipuka. Kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika kama lina vijidudu au la, wanaanga wa Apollo 11, 12 na 14 walitengwa hadi siku 21 zipite, na baada ya hapo utaratibu huo ukaachwa.

Sasa, kwa nini yasichunguzwe yote? Kwa sababu chombo cha kupimia cha mwaka 1972 si cha leo. Wanaanga wa Apollo 17, akiwemo Harrison Schmitt, mwanajiolojia pekee kwa taaluma aliyekwenda huko, walikuta ukingoni mwa Shorty, kreta mojawapo, yaani shimo lililochimbwa na mgongano wa kimondo, udongo wa rangi ya chungwa, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia katika ardhi ya kijivu. Walichimba mtaro mdogo, wakapigilia mrija chini kwa nyundo, na ukatoka mche wa udongo ambao chini yake ulikuwa mweusi. Ulikuwa shanga ndogo mno za kioo, zilizorushwa na volkano zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita. Kwa miongo mitatu na zaidi vitabu viliandika kwamba mawe ya Mwezi hayana maji kabisa. Mwaka 2008 watafiti walizipima tena shanga za aina hiyo kwa mashine yenye uwezo wa kuona kiasi kidogo sana, wakakuta dalili za maji ndani yake. Kama shanga zote zingesagwa na kuyeyushwa katika asidi miaka ya sabini, jambo hilo lisingejulikana kwa sampuli zile. Na mrija mwingine wa Apollo 17, uliozibwa hukohuko Mwezini, ulihifadhiwa bila kufunguliwa hadi mwaka 2022. Tena hawakuweka mayai yote katika kikapu kimoja: sehemu ya sampuli imehamishiwa White Sands, katika jimbo la New Mexico, ili kimbunga kikiipiga Houston usipotee urithi wote.

Nije kwenye jiwe la mnadani. Mwambie mwanafunzi kwa upole, kwa kuwa baba yake ametoa fedha. Sampuli za Apollo ni mali ya serikali ya Marekani na haziuzwi mitaani. Vipo kweli vimondo vilivyotoka Mwezini, ambavyo mtu anaweza kuvimiliki kihalali, lakini ni adimu na vingi vimeokotwa katika barafu ya Antaktika na katika majangwa ya Oman na Afrika Kaskazini. Cha kwanza kutambuliwa kilipatikana Antaktika mwaka 1982, na kilitambuliwa kwa sababu tayari kulikuwa na mawe ya Apollo ya kukilinganisha nacho. Tena basalti ya Mwezini si nzito kwa namna ya kumshangaza mtu anayeinyanyua. Jiwe jeusi linalolemea mkono, katika mikoa yetu, mara nyingi ni magnetiti, hematiti au masalia ya chuma kilichoyeyushwa. Lisugue nyuma ya kigae kisichong'arishwa: likiacha mstari wa rangi ya kutu, ni hematiti, likiacha mstari mweusi na kuvuta sumaku kwa nguvu, fikiria magnetiti. Ukitaka jibu lenye mhuri, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iko hapahapa Dodoma na ina maabara.

Na kama mtu mwingine atawaletea jiwe la matale akisema ni la Mwezini, mlipasue. Kwenye uso mpya mtaona punje za kwatzi zinazofanana na vipande vya chupa, feldispa nyeupe au ya waridi, na magamba meusi ya mika yanayobanduka kwa ncha ya kisu. Mika huhitaji maji ili iumbike, na kwatzi Mwezini ni haba sana. Jiwe hilo ni la kwetu.

Mkazi wa Kongwa

Nimesoma yote kwa makini na ninashukuru, lakini ninabaki na shaka moja. Urusi ya wakati ule, yaani Umoja wa Kisovieti, ilileta udongo bila kumpeleka mtu: gramu 101 kwa Luna 16 mwaka 1970, gramu 55 kwa Luna 20 mwaka 1972, na gramu 170 kwa Luna 24 mwaka 1976. China nayo imefanya hivyohivyo, gramu 1,731 kwa Chang'e-5 mwaka 2020 na gramu 1,935.3 kwa Chang'e-6 mwaka 2024. Kama roboti inaweza kuchota na kurudi, habari hizi za picha, reki na ujanja wa mkanda wa kiti zina maana gani leo? Si afadhali roboti, ambayo haichoki wala haihitaji hewa ya kuvuta?

Fundi wa Jiolojia (Manyoni)

Ndugu yangu wa Kongwa, hoja yako ina uzito, na sitaki kuipuuza kwa kuwa gramu hizo chache zimefanya kazi kubwa. Tatizo la roboti za kuchota ni kwamba huchukua kilichopo pale zilipotua. Luna zilitoboa tundu moja na kurudi. Chang'e-5 ilichoronga takribani mita 1 na kuzoa juu kwa mkono, lakini mkono ule hauwezi kuvuka kilima kwenda kutazama jiwe lililoonekana kwa mbali. Kwa upande mwingine, mtu hupelekwa mahali palipo salama kwake, na salama mara nyingi ni pale penye habari za kawaida.

Uchaguzi wa mahali ndio uliozipa safari za China umuhimu. Umri wa ardhi ya Mwezi, katika sehemu ambazo hakuna aliyefika, hukadiriwa kwa kuhesabu kreta: ardhi ya zamani imepigwa mara nyingi, ardhi changa mara chache. Lakini hesabu hiyo peke yake hutoa mpangilio wa nani mkubwa na nani mdogo, haitoi miaka. Miaka hutoka kwenye sampuli zilizopimwa maabara, zikatumika kama vigingi vya kufungia hesabu nzima, na hesabu hiyohiyo hurekebishwa ili itumike kwenye sayari za Mirihi na Zebaki. Mawe ya Apollo na Luna yalitoa vigingi vingi vya zamani, zaidi ya miaka bilioni 3, na kati ya hapo na siku zetu kukabaki pengo kubwa. Chang'e-5 ilipelekwa makusudi kwenye basalti iliyoonekana changa, ikarudi na umri wa miaka bilioni 2.0, kigingi kikapatikana katikati ya pengo. Chang'e-6 ikaenda upande wa mbali wa Mwezi, ambao haujawahi kutazamana na Dunia na ambako mawasiliano hupitishwa kwa setilaiti iliyowekwa kwa kazi hiyo, ikaleta basalti ya miaka bilioni 2.8.

Hapo nina jambo la kuwafurahisha wanafunzi wa mwalimu. Vilima vya matale vya ukanda wetu ni sehemu ya gamba kongwe la Tanzania, lenye miamba mingi iliyozidi miaka bilioni 2.5. Jiwe wanalolipasua nyuma ya darasa huenda ni kubwa kwa umri kuliko lile la Chang'e-5.

Kwa hiyo mimi nisingechagua upande. Mahali papya ambapo hatujui chochote, roboti itangulie. Mahali ambapo swali limekwisha kuwa gumu na jibu limejificha kwenye jiwe moja kati ya elfu, nipe mtu mwenye nyundo.

Mwalimu wa Jiografia (Dodoma mjini)

Marahaba Fundi, na nawashukuru nyote. Jiwe la mnadani limeacha mstari wa rangi ya kutu nyuma ya kigae, na mwenye nalo amelipokea jibu kwa ujasiri kuliko nilivyotarajia. Sasa anasema atalitunza kama hematiti. Nimeamua kuwapeleka wanafunzi kilimani wakusanye sampuli kwa utaratibu ule wa Apollo, kwa simu ya kupigia picha na mifuko ya plastiki. Je, kuna la kuzingatia ambalo mtu wa darasani hawezi kulifikiria?

Fundi wa Jiolojia (Manyoni)

Yapo machache. Badala ya kile kifaa cha miguu mitatu, walaze rula kando ya jiwe na mshale wa karatasi unaoelekea kaskazini, kisha wapige picha kabla na baada ya kuokota. Chora alama kwa kalamu ya rangi upande wa juu wa jiwe kabla halijanyanyuliwa, maana likishanyanyuliwa watabishana. Mwanafunzi mmoja awe mwandishi tu, asiokote chochote, na wengine wamsomee namba kwa sauti. Na namba isiandikwe nje ya mfuko peke yake, kwa sababu vumbi la huku hufuta wino ndani ya mwendo wa kurudi shuleni. Iandikwe pia kwa penseli kwenye kipande cha karatasi kinachotiwa ndani pamoja na jiwe.